Heri nusu shari? Jibu kwa mpiga kura asiyempenda yeyote anayeweza kushinda

Swali: "Nina miaka 34, na tangu nianze kupiga kura sijawahi kumchagua mtu ninayemwamini. Ninachotaka kinajulikana: mfanyakazi alipwe mshahara unaomtosha kuishi, matibabu yawe ya wote, ardhi na maji visiwe mali ya matajiri wachache, na vita vikome. Safari hii wenye nafasi ya kushinda ni wawili. Wa kwanza anatisha waziwazi: anawatukana wageni, anaahidi kufunga magazeti na kuzinyamazisha mahakama. Wa pili ana maneno laini, lakini alipokuwa madarakani alipunguza fedha za hospitali na kupeleka silaha vitani. Yupo wa tatu ninayekubaliana naye karibu kwa kila neno, ila hatafikisha hata asilimia tano. Dada yangu ananiambia nikimpa huyo wa tatu nimempa yule wa kutisha. Rafiki yangu, tuliyeanza naye harakati, anasema nikimpa wa pili damu aliyoimwaga inanihusu, na kwamba vyama vya aina hiyo havitabadilika kamwe ikiwa kura zetu ni za uhakika kila mara. Nimeanza kufikiria kubaki nyumbani siku hiyo. Nifanye nini?"

Jibu:

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, na kilichonigusa kuliko maelezo ya wagombea ni jinsi watu wawili unaowaheshimu walivyokuhukumu kabla hujaamua. Dada amekuita msaidizi wa mtu wa kutisha, rafiki amekuita mshirika wa mwenye vita. Mtu aliyebanwa katikati ya lawama mbili kama hizo huona kubaki nyumbani ndiko kupumua. Sikulaumu kwa wazo hilo, ingawa nitakusihi uliache.

Nianze kwa kukuambia ninakosimama, usije ukadhani nakuzungusha. Katika uchaguzi kama ulioueleza, ikiwa wawili hao wanakaribiana mahali kura yako inapohesabiwa, mimi ningempa kura yule wa pili. Ningefanya hivyo bila kumpigia debe, bila kumsafisha, na nikiwa nimekwishakaa na wenzangu kupanga namna ya kumbana tangu wiki ya kwanza. Ila sababu zangu si zile za dada yako, na ziko hali ambazo zingenifanya nimnyime.

Dada yako nadhani anaongozwa na methali tuliyolelewa nayo sote: heri nusu shari kuliko shari kamili. Ni methali nzuri, kwa kuwa inakutaka upime madhara: huku watu wangapi wataumia, kule wangapi. Lakini mara nyingi watu wakiitamka hii huwa moyoni wanasema nyingine kabisa, ile ya zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hiyo ya pili haipimi kitu. Inakufundisha kumwogopa mgeni na kuendelea kukaa na anayekula kidogo kidogo. Anayetaka mageuzi anaweza kuikubali ya kwanza na kuikataa ya pili, na ugomvi wenu nyumbani, kwa maoni yangu, umetokana na kuzichanganya hizi mbili.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa dada yako amekosea kidogo na kosa lake lina maana. Tuseme wa kutisha ana kura 1,000 na wa maneno laini ana 1,000, na aliyebaki ni wewe tu. Ukimpa wa maneno laini, anashinda. Ukimpa wa kutisha, anashinda huyo. Ukimpa wa tatu, wawili hao wanabaki sare. Kwa hiyo kumpa wa tatu hakulingani na kumpa wa kutisha. Kunalingana na kutokuwapo kwenye pambano la wale wawili. Ni kuacha kuzuia, na kuacha kuzuia ni jambo zito linalotosha kujadiliwa kwa jina lake, bila kulitia chumvi.

Kwa nini basi uzito huo unakuangukia wewe na si aliyetunga sheria ya uchaguzi? Kwa sababu ya namna kura zinavyohesabiwa. Pale ambapo mwenye kura nyingi kuliko wenzake anachukua kiti hata kama hajafikisha nusu, vyama vidogo vyenye wafuasi waliotawanyika huvuna kura na kukosa viti. Wapiga kura wakishaliona hilo mara mbili tatu, huvikimbia hata kama wanavipenda. Msomi wa Ufaransa, Maurice Duverger, alilieleza jambo hili mwaka 1951, na tangu hapo limejadiliwa sana na kutiwa mipaka, lakini kiini chake kimesimama: kanuni za kuhesabu za aina hiyo huisukuma siasa kuelekea kambi mbili. Hisia uliyo nayo, kwamba moyo wako uko huku na kura yako inavutwa kule, si woga wako wala ubaya wa tabia. Imetengenezwa na kanuni, na kanuni zinabadilishwa. Nitalirudia hili mbele.

Mfano unaotajwa kila mara ni Florida, Marekani, mwaka 2000. George W. Bush alitangazwa mshindi wa jimbo hilo, na kwa hilo akapata urais, kwa tofauti ya kura 537. Ralph Nader, mgombea wa Chama cha Kijani, alipata 97,488 humo humo. Watetezi wa Nader wana hoja za kweli: sehemu ya waliompa kura wasingetoka nyumbani kabisa kama hayupo, wengine wangempa Bush, na karatasi za kura zilizopangwa vibaya katika kaunti ya Palm Beach ziliwapotosha watu. Yote hayo nayakubali. Lakini piga hesabu: ingetosha Al Gore, mpinzani mkuu wa Bush, apate faida ya kura sita tu kwa kila elfu ya zile za Nader. Bush aliivamia Iraq mwaka 2003. Gore alikuwa amesimama hadharani Septemba 2002 kuipinga njia hiyo. Hakuna anayeweza kuapa kwamba Gore angeitawala dunia kwa amani, na mimi siapi. Ila anayeniambia wawili wale walikuwa sawasawa, ninamwomba aende akawaambie Wairaki.

Ona pia upande wa pili wa mfano huo. Mwaka ule ule, katika majimbo ambako mmoja wa wakubwa alikuwa mbele kwa mamia ya maelfu ya kura, aliyempa Nader hakumdhuru mtu yeyote. Alitoa ishara, akasaidia chama kidogo kuonekana, na matokeo yakabaki yale yale. Kwa hiyo, kabla ya kukesha ukijiuliza nani mbaya zaidi, jua kura yako inaingia kwenye hesabu ipi. Kama kwenu kuna duru mbili, ya kwanza ina nafasi ya moyo kuliko ya pili. Kama mnapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama Australia ilivyofanya tangu 1918, basi mweke unayempenda juu na wa maneno laini chini yake, na nusu ya swali lako imekwisha. Kama viti hugawanywa kwa uwiano wa kura, mpe chama chako, ila chunguza kama kuna kiwango cha chini ambacho chama kisipokifikia hakipati kitu.

Hayo ni ya akili. Rafiki yako anazungumzia dhamiri, na sipendi tabia ya wataalamu wenzangu ya kulijibu neno la dhamiri kwa jedwali la namba.

Anasema damu itakuhusu. Nimeutafakari mwaka 1964 nchini Marekani kwa muda mrefu kuliko uchaguzi mwingine wowote kwa sababu ya hoja hiyo. Wagombea walikuwa Lyndon Johnson na Barry Goldwater. Goldwater alikuwa ameipinga kwa kura yake Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka huo na alizungumzia vita kwa wepesi uliowatia watu hofu. Johnson aliwaambia wapiga kura kwamba hatapeleka vijana wa Marekani kupigana vita ambavyo vijana wa Asia walipaswa kupigana wenyewe. Alishinda kwa asilimia 61. Sasa tazama siku mbili zilizofuatana mwaka 1965. Tarehe 7 Machi, watu wapatao 600 waliokuwa wakidai haki ya weusi kupiga kura walipigwa na polisi kwenye daraja la Edmund Pettus, mjini Selma. Tarehe 8 Machi, askari wa majini wapatao 3,500 wa Marekani walishuka Da Nang, Vietnam. Mwezi Agosti Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Mwaka ulipofika mwisho, alikuwa na askari wapatao 184,000 Vietnam.

Aliyempigia kura Johnson alishiriki nini, basi? Sheria ile, au vita vile? Ukimbebesha vita, umbebeshe na sheria. Mimi naona hakuvichagua vyote viwili kwa usawa. Alichofanya Novemba kilikuwa kumweka madarakani mtu ambaye waandamanaji wa Selma wangeweza kumlazimisha. Johnson hakuileta sheria ile kwa sababu ya kura tu. Watu walivunjwa vichwa darajani, nchi nzima ikaona, naye akasukumwa. Juu ya Vietnam, waliomchagua walikuwa na wajibu wa kuingia barabarani kumpinga mtu wao wenyewe, na wengi waliingia. Aliyempa kura kisha akanyamaza kwa sababu "ni wa kwetu", huyo ndiye ningemwambia damu inamhusu.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, na ndicho ninachokuomba ukichukue hata ukiacha mengine yote: kati ya wawili hao, ni yupi ambaye watu wako wanaweza kumbana baada ya kuapishwa? Wa kutisha anaahidi kufunga magazeti na kunyamazisha mahakama. Maana yake anaahidi kuondoa vyombo ambavyo ungevitumia dhidi yake, na ambavyo ungevitumia dhidi ya wa pili pia. Aliyekata fedha za hospitali anaweza kushtakiwa, kugomewa, kuandikwa, kuondolewa uchaguzi ujao. Hilo halimfanyi mwema, ila linakuachia mlango ambao mwenzake anataka kuufunga.

Kura yenyewe haina mdomo. Msimamizi akifungua sanduku anaona alama tu. Haoni kama umeiweka kwa mapenzi, kwa kinyaa au kwa machozi. Ndiyo maana sikubali kwamba kura ni ridhaa ya kila atakachofanya aliyepewa. Lakini ukweli huo huo unaikata hoja ya anayebaki nyumbani akidhani amepeleka ujumbe. Kutokwenda kwako kunahesabiwa pamoja na wagonjwa, wasafiri na wasiojali. Ukitaka kukataa kwako kusomeke, lazima ukusemee kwa njia nyingine na pamoja na watu wengine.

Nakiri kwamba kuna mtu ambaye maneno haya siwezi kumwambia. Kama silaha zilizopelekwa vitani ziliua ndugu zako, sitakuja nyumbani kwako na hesabu ya kura sita kwa elfu. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kumnyima kura muuaji wa watu wake bila kuulizwa na yeyote, na sisi wengine tunapaswa kufanya kazi mara mbili ili asibebeshwe mzigo wa kutuokoa.

Sasa nifike mahali ambapo hoja ya nusu shari ilifeli vibaya, maana ningekuficha hili ningekuwa sikutendei haki. Ujerumani, 1932. Chama cha kisoshalisti cha SPD kiliacha kusimamisha mgombea wa urais na kumuunga mkono Paul von Hindenburg, jemadari mzee wa kihafidhina, ili kumzuia Adolf Hitler. Wakomunisti walimsimamisha Ernst Thälmann. Wao walishikilia kwamba masoshalisti na mafashisti ni damu moja. Duru ya pili, tarehe 10 Aprili, Hindenburg alipata asilimia 53, Hitler 36.8, Thälmann 10.2. Hitler alizuiwa. Kwa hesabu, mkakati ulifaulu.

Halafu ukafuata usaliti. Mwishoni mwa Mei Hindenburg alimwondoa kansela aliyekuwapo, na Juni mosi akamteua Franz von Papen. Tarehe 20 Julai Papen, kwa amri iliyotiwa sahihi na Hindenburg, aliing'oa serikali ya jimbo la Prussia iliyoongozwa na hao hao SPD waliompigia kura rais miezi mitatu nyuma. Na tarehe 30 Januari 1933 Hindenburg mwenyewe alimteua Hitler kuwa kansela.

Rafiki yako akiusikia mfano huu atasema, "Unaona?" Naona, lakini naona zaidi ya hapo. Sidhani kosa kubwa la masoshalisti lilikuwa kura ya Aprili. Hitler kuwa rais Aprili kusingekuwa afadhali kuliko kuwa kansela Januari. Kosa lilionekana Julai. Serikali yao iling'olewa mchana kweupe, nao wakaenda mahakamani na kungoja, wala hawakuita mgomo mkuu. Kura ilikuwa imegeuka kuwa mkakati wao wote. Ilipokwisha kutumika hawakubaki na kitu cha kutumia. Wakomunisti nao, waliosema hakuna tofauti, hawakuokoka: Thälmann alikamatwa Machi 1933 na kuuawa katika kambi ya mateso ya Buchenwald mwaka 1944. Watu wa vyama vyote viwili, waliokuwa wakikataa kukaa meza moja, walikutana kambini.

Ndiyo maana nasema nusu shari ni ya siku moja. Inanunua muda. Ukiununua muda na kulala, umetupa bei uliyolipa.

Hoja ya rafiki yako iliyo na nguvu kuliko zote ni ile ya mwisho: wakijua kura yetu ni ya uhakika, hawatatupa chochote. Ni kweli, na Ufaransa imeionyesha mara mbili. Mwaka 2002 kulikuwa na wagombea urais 16, kura za mrengo wa kushoto zikagawanyika, na Lionel Jospin, mgombea wa Wasoshalisti, akaachwa nyuma ya Jean-Marie Le Pen wa mrengo wa kulia uliokithiri kwa chini ya kura 200,000: asilimia 16.18 kwa 16.86. Duru ya pili wanamrengo wa kushoto wakampigia kura mhafidhina Jacques Chirac, aliyeshinda kwa asilimia 82. Wengi walimpa bure, pasipo sharti lolote. Mwaka uliofuata serikali yake ilipitisha mageuzi ya pensheni yaliyowatoa wafanyakazi barabarani kwa migomo mikubwa. Mwaka 2024, katika uchaguzi wa wabunge, wagombea zaidi ya 200 wa kushoto na wa kati walijitoa kabla ya duru ya pili ili kura zisigawanyike, na chama cha kina Le Pen, kilichoongoza duru ya kwanza, kikamaliza cha tatu kwa viti. Muungano wa kushoto ulipata viti vingi kuliko kambi nyingine, lakini rais Emmanuel Macron akamteua Michel Barnier, mtu wa kulia, kuwa waziri mkuu.

Kuna tofauti moja kati ya hadithi hizo mbili. Mwaka 2024 mrengo wa kushoto ulikuwa na viti mkononi. Desemba, serikali ya Barnier ilipigiwa kura ya kutokuwa na imani naye ikaanguka, na kura za kushoto zilikuwamo katika kumwangusha. Waliomzuia adui kwa kujitoa walibaki na fimbo, ingawa si ya kutosha. Waliomzuia mwaka 2002 walibaki na hisani, na hisani katika siasa hailipwi.

Kwa hiyo rafiki yako yuko sahihi kwamba lazima mtishie kumnyima. Tishio, hata hivyo, lina masharti yake. Litolewe mapema, lidai jambo linalotajika, kwa mfano fedha za hospitali zirudishwe, na litoke kwa kundi ambalo mgombea anaweza kulihesabu. Mtu mmoja akiacha kwenda kazini bila chama wala dai, mwajiri anaandika "mtoro". Chama kizima kikiacha kwenda kazini kikiwa na barua ya madai, huo ni mgomo, na meza ya mazungumzo inaandaliwa. Kura yako ya peke yako ya hasira, iliyoamuliwa usiku wa kuamkia uchaguzi, ni utoro. Samahani kwa ukali wa neno, lakini nimeona watu wengi wema wakidhani wamegoma.

Na je, kujenga chama cha tatu? Hapo nami sina jibu lililonyooka, na sitakupa. Mwaka 1844 wapinga utumwa wa Marekani walimsimamisha James Birney wa chama cha Liberty. Wakubwa walikuwa James Polk na Henry Clay, wote wenye watumwa. Clay alisita kuinyakua Texas, Polk aliitaka. New York iliamua matokeo. Polk aliipata kwa takriban kura 5,100, na Birney alikuwa na zaidi ya 15,800 humo. Texas ikaingia kama jimbo la utumwa, na mwaka 1846 vita na Mexico vikaanza. Ukiishia hapo, Birney alileta maafa. Usipoishia hapo, unaona watu wale wale wakiingia chama cha Free Soil mwaka 1848, kisha Republican mwaka 1854, kisha Abraham Lincoln akishinda mwaka 1860, kisha utumwa ukipigwa marufuku na katiba mwaka 1865. Miaka 21. Bila wakaidi wa 1844 pengine njia hiyo isingefunguliwa. Lakini gharama ya ukaidi haikulipwa na wakaidi. Ililipwa na waliouzwa na kupelekwa Texas, na Wamexico. Ninaponyanyua kalamu kumsifu anayepiga kura ya msimamo, najiuliza nani atalipa, na kama ameulizwa.

Faida nyingine ya kutofautisha siku ya kura na siku nyingine ni kwamba unaweza kuishambulia kanuni yenyewe inayokubana. New Zealand ilikuwa na mfumo wa mwenye-kura-nyingi-achukue-kiti. Mwaka 1978 na tena 1981 chama cha National kilipata viti vingi kuliko Labour kikiwa na kura chache, na mwaka 1981 chama cha Social Credit kilipata karibu asilimia 21 ya kura na kuambulia viti viwili. Hasira hiyo haikupotelea kwenye kura za kususa. Iligeuzwa kampeni, na mwaka 1993 karibu asilimia 54 walipiga kura ya maoni kuubadilisha mfumo. Tangu 1996 wanachagua kwa uwiano. Kama kuna jambo moja la kumwomba mgombea wa tatu unayempenda, ni aliweke hili juu ya ajenda yake, kwa sababu chini ya kanuni za sasa anaweza kuwaumiza watu anaowapenda kila anaposimama.

Kwa hali yako, basi. Chunguza kama pambano liko karibu mahali kura yako inapohesabiwa. Tazama matokeo ya chaguzi mbili zilizopita na utafiti wa maoni unaoaminika, usitegemee mazungumzo ya mtandaoni. Likiwa mbali, mpe wa tatu kwa amani na umwambie dada yako kwa nini. Likiwa karibu, waendee wale watakaoguswa kwanza na wa kutisha, hao wageni anaowatukana na wanahabari anaotaka kuwafungia, uwaulize wanataka ufanye nini. Wengi wetu tunajadili hatari ya watu wengine bila kuwauliza. Na usibaki nyumbani, maana karatasi za siku hiyo kwa kawaida huwa na nafasi nyingine, za wabunge, za madiwani, ambako wa aina ya yule wa tatu huweza kushinda kwa kura chache.

Kuna hali tatu zingenifanya nimnyime yule wa pili hata pambano likiwa karibu. Kwanza, kama tofauti yao ni ya sauti tu na mambo watakayotenda ni yale yale; hapo hakuna nusu, ni shari mbili kamili. Pili, kama yeye pia ameanza kuvunja masanduku ya kura na mahakama. Tatu, kama vuguvugu lenu, kwa pamoja na hadharani, limeamua kumnyima kwa dai maalumu ambalo amelikataa. Hapo ningeshika uamuzi wa wenzangu hata ukiniuma.

Yako mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. Kanuni za kuhesabu, duru ya pili, na jinsi kura zilizoharibika zinavyohesabiwa, yaulize ofisi ya tume ya uchaguzi iliyo karibu nawe, ana kwa ana, kabla ya siku yenyewe. Kama unatishwa kwa sababu ya kura yako, nyumbani, kazini au mtaani, usilibebe peke yako: nenda kwa wanaotoa msaada wa kisheria, na siku ya kura usitembee peke yako. Na kama kukata tamaa huku kumefika mahali hulali wala huli, kaa na mtu wa kukusikiliza, mshauri au mzee unayemwamini, kwa sababu hilo limekwishavuka siasa.

Lililobaki ni rafiki yako. Msimalize jambo hili kwa ujumbe wa simu. Mkae pamoja, umwambie utampa nani na kwa nini, umsikilize naye, kisha mpange tarehe ya kukutana wiki ya kwanza baada ya matokeo. Mmoja wenu aje na orodha ya hospitali zilizopunguziwa fedha, mwingine aje na majina ya wafanyakazi walio tayari kusimama mbele ya ofisi ya mshindi, awe nani.